Presha kuka ya umeme lita 6: yote ninayoijua kabla hujatoa hela yako

Naanza na jibu kwa wenye haraka. Kama nyumbani kwenu maharage, makande, kunde, makongoro na kuku wa kienyeji ni vyakula vya kila wiki na umeme mnao, nunueni, msijiulize mara mbili. Kama nyie ni watu wa wali, chips na samaki wa kukaanga, hiyo hela nunueni rais kuka ya kawaida na kikaango kizuri, presha kuka itawakalia kabatini tu. Nyota nne kati ya tano, na ile moja niliyoikata sijalikatia jiko lenyewe, nimeikatia namna tunavyouziwa, na hilo nitalisema mpaka mnielewe kwasababu limeshaleta vituko kwenye nyumba nyingi za watu ninaowajua.

Ya kwangu ni lita 6, wati 1000, sufuria ya ndani inatoka, mfuniko wa kuzungusha na kujifunga. Nilichukua Kariakoo kwa laki moja na themanini baada ya kuvutana bei sana. Nembo sitaji maana madukani zimejaa za kila aina na kwa mtumiaji zinafanya kazi ileile, na haya ninayosema yanazihusu karibu zote.

Twende kwenye maharage kwanza, maana ndo sababu kubwa ya mtu kununua hiki kitu. Maharage ya njano au soya kablanketi ukiyaloweka usiku, asubuhi unamwaga yale maji, unaweka mapya yapite juu ya maharage kama vidole viwili hivi, unafunga, dakika 20 yameiva mpaka yanabonyea kwa ulimi. Usipoloweka unahitaji kama dakika 40 mpaka 45 na bado hutakaa jikoni kuchochea wala kuongeza maji. Makande ya mahindi ya kukoboa yaliyolala kwenye maji ni dakika 45. Choroko ni haraka sana, dakika 12 bila hata kuloweka. Nyama ya ng'ombe ya mchuzi 25, kuku wa kienyeji yule jogoo mwenye umri wake 35, makongoro piga saa nzima na supu inatoka nzito ile ya kunata midomoni. Hizo dakika zinahesabiwa kuanzia presha ikishapanda, kabla ya hapo kuna kama dakika 10 mpaka 20 za kupasha kutegemea umejaza kiasi gani, na hapo ndo wengi wanalalamika "mbona wameniambia dakika 20 na imechukua 40", sasa jamani ndo hesabu yake hiyo, na bado maharage ya kwenye mkaa yanachukua masaa mawili, matatu.

Kinachofanya iwe haraka sio maajabu. Maji kwenye sufuria ya kawaida hapa Dar yanachemka kwenye nyuzi 100 na hayapandi zaidi hata uwashe moto wa kuzimu. Ukiufungia mvuke usitoke, presha inapanda na maji yanafika joto kubwa zaidi kabla ya kuchemka, hizi za umeme nyingi zimeandikwa 70 kPa (kipimo cha presha) kwenye kibandiko cha chini na hiyo ni kama nyuzi 115 ndani. Nyuzi hizo 15 za ziada ndo zinazolainisha harage. Kwa hiyo wenzetu wa nyanda za juu ndo wanafaidi kuliko sisi wa pwani: Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, ndo maana maharage ya kule yanasumbua kwenye sufuria ya kawaida. Ila mkitumia presha kuka Mbeya, Njombe, Makete huko, ongezeni dakika moja kwenye kila tano nilizozitaja, maana hata ndani ya jiko joto linakuwa chini kidogo kuliko huku kwetu.

Hela sasa. Watu wakisikia wati 1000 wanashtuka wanasema itamaliza luku. Hapana. Ikishafika presha inajizima yenyewe, inajiwasha kidogo tu ikishuka, na pembeni ina kinga ya joto kwahiyo moto haupotei hovyo. Kilo ya maharage inakula kama nusu uniti. Kwa tarifu ya kawaida ya nyumbani elfu kumi inakupa uniti 28 (ukitoa kodi ya jengo inapokatwa), yani uniti ni kama shilingi 356 na kodi zake, kwahiyo sufuria ya maharage inapikika kwa chini ya mia mbili. Mia mbili! Aliye kwenye ile tarifu ya chini isiyozidi uniti 75 kwa mwezi ni rahisi zaidi, ila huyo aangalie asipitilize zile 75 maana huko mbele bei inaruka. Linganisheni wenyewe na mkaa mnaonunua wa kuchemshia maharage tu, na moshi juu yake, na macho ya dada wa kazi yanavyokuwa mekundu. Serikali imetoa mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 mpaka 2034, lengo asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi, na mi naamini kabisa mwananchi akiiona hiyo hesabu ya mia mbili hahitaji semina.

Sasa vituko.

Kituko namba moja, na hiki nimekisikia kwenye nyumba nyingi mpaka nimeacha kushangaa: mtu anamimina chakula ndani ya jiko bila kuweka ile sufuria ya ndani. Kwetu alifanya mdogo wangu wa kiume, amerudi chuo ana njaa, sufuria ya ndani imeoshwa iko kwenye kichanja, yeye kafungua mfuniko kaona chuma kinang'aa ndani akajua ndo penyewe. Kamimina mchele, maji, chumvi, mafuta, kafunga vizuri kabisa. Nikasikia ananiita, "Dada njoo, hili jiko linakojoa!" Maji yanatiririka chini ya meza, mchele umekaa juu ya sahani ya kupashia moto kama umetandazwa kuanikwa. Tulicheka tukaumia mbavu, lakini bahati yetu swichi ya ukutani ilikuwa bado haijawashwa. Likikukuta hilo usiwashe kitu, chomoa plagi, geuza jiko kichwa chini, maji yatoke, toa kila punje, afu lisiguswe na umeme mpaka fundi alifungue chini alikaushe na kuangalia zile nyaya. Usijidanganye kwamba juu pamekauka. La kwetu lilipona. La jirani waliwasha kesho yake, likazima umeme wa nyumba nzima na halikuamka tena. Dawa yake ni moja, sufuria ya ndani ikishaoshwa inarudi ndani ya jiko muda huohuo, haikai kwenye kichanja hata dakika. Kwetu imekuwa sheria.

Cha pili ni cha wifi yangu na kunde. Alijaza kunde mpaka karibu na mdomo wa sufuria kwasababu wageni walikuwa wengi, zikaiva, na yeye kwa haraka akageuza kile kipuli cha juu mvuke utoke wote kwa mkupuo. Ulianza mvuke, ikafuata povu, afu ikaja supu yenyewe ya kunde ya kahawia inaruka juu mpaka silingi bodi, inapiga mlio ule wa kutisha, watoto wakakimbilia nje, jirani wa dirisha la pili akaanza kupiga kelele "gesi! gesi! zimeni gesi!" na watu wakatoka na ndoo za maji. Hakuna aliyeungua, namshukuru Mungu kwa hilo, lakini ile alama kwenye silingi bodi bado ipo na kila mgeni akija anaonyeshwa.

Hapa naomba mnisikilize vizuri. Vitu vyenye povu, maharage, kunde, choroko, njegere, uji, havijazwi zaidi ya nusu ya sufuria, na mvuke wake hautolewi kwa nguvu. Unaacha jiko lenyewe lishuke, dakika 15 mpaka 20, mpaka kile kipini kidogo cha chuma kwenye mfuniko kidondoke chenyewe. Kipini kikiwa juu kuna presha, kikiwa chini hakuna. Basi. Kijiko cha mafuta ya kula ukikitia kwenye maharage kinapunguza povu sana. Nyama na kuku unaweza kutoa mvuke haraka, hizo unaruhusiwa kujaza mpaka theluthi mbili, ila simama pembeni, tumia mwiko kugeuzia kile kipuli, mkono usipite juu yake, na jiko lisiwe chini ya kabati la mbao maana mvuke ule utalivimbisha.

Mama mkwe wangu (shikamoo mama kama utasoma hii) alipokuja kututembelea alikuwa haliamini hili jiko hata kidogo. Ule mlio wa mvuke ulimtia hofu, kwahiyo akakunja taulo la jikoni akakifunika kile kipuli "kisipige kelele watoto wamelala". Nia nzuri kabisa, lakini hicho ni kitu cha hatari kuliko vyote nilivyoandika hapa, kile kipuli ndo mlango wa kupumulia wa jiko zima. Kisifunikwe, kisikandamizwe na kitu, kisizibwe. Nilimketisha nikamwonyesha kipini, nikamwonyesha kipuli, nikamwonyesha jinsi mfuniko unavyokataa kufunguka presha ikiwemo, akauliza maswali ya maana sana, na siku ya pili makande alipika mwenyewe na karanga zake, akaniambia "mwanangu, hili likija kijijini wanawake watapumzika." Sasa hivi analo lake.

Harufu sasa. Ule mpira mweupe unaozunguka ndani ya mfuniko unanyonya harufu vibaya sana. Shemeji yangu alipika makongoro Jumamosi, yenye tangawizi, kitunguu saumu na ndimu, matamu balaa. Jumapili binti yao ana basdei, wakaamua watumie kitufe cha keki. Keki imetoka laini, imepanda vizuri, imepakwa krimu, watoto wamekaa kwa adabu, wa kwanza kung'ata akamgeukia mama yake akauliza, "Mama, hii keki ina nyama?" Ilinukia supu kabisa, vanila haikusaidia kitu. Ule mpira unavutika kwa mikono, unatoka wote, uoshe kila ukipika na uanike juani mkavu kabisa, na ukiweza uwe nayo miwili, mmoja wa nyama na samaki, mmoja wa wali na keki.

Afu kuna kile kikombe kidogo cha plastiki nyuma ya jiko. Nendeni mkaangalie sasa hivi, walio nalo. Kipo kwa nyuma chini ya ukingo, kinachomoka kwa kuvuta, kazi yake kupokea maji ya mvuke unaoganda kwenye mfuniko. Watu wanakaa na jiko mwaka mzima hawajui kipo, na ndani maji yameoza yana utelezi wa kijani na wanashangaa jikoni kunanuka nini. Mtu wangu wa karibu alibadilisha mtungi wa gesi kwa ajili ya hiyo harufu akidhani unavuja.

Kwenye ladha nataka niwe mkweli. Maharage yanaiva safi lakini hii presha kuka haiungi, inachemsha. Mchuzi mzuri unaujenga baadaye. Mi nachemsha kwa maji na kitunguu tu, presha ikishuka nafungua, nabonyeza kitufe cha kukaangia, natia nyanya, karoti, hoho, na mwisho kabisa tui zito, nakoroga taratibu mpaka lichemke bila kufunika. Ukitia tui zito mwanzo ukafunga, linakatika, mafuta juu maji chini, na chini kabisa linashika. Nyanya nazo mwanzoni zinachelewesha maharage kulainika kwasababu ya uchachu wake, hiyo ni hata kwenye sufuria ya kawaida. Magadi hayahitajiki tena, ukitia yanakuwa ujiuji. Na yale maji, punguza, humu hayakauki kama kwenye mkaa, ukizoea kumimina kama ulivyozoea utapata supu ya kuogelea.

Kuna kitufe cha kupika taratibu kwa masaa mengi kwa joto la chini. Msipikie maharage humo. Maharage mabichi hasa yale mekundu yana sumu yake ya asili inayoitwa lektini, inaharibika yakichemka sawasawa, joto la chini haliitoi, na mtu anaishia kutapika na kuharisha anasema amelogwa. Presha yenyewe inaimaliza vizuri, hapo hakuna wasiwasi.

Pilau: linawezekana, kikombe cha mchele kwa kikombe cha maji, dakika 5 za presha na 10 za kutulia. Linaiva, ni chakula. Ila lile pilau la kuchambuka punje kwa punje lenye mkaa juu ya mfuniko hulipati humu na msije mkaniambia nimewadanganya. Pia ukishakaanga vitunguu na nyama, kabla ya kufunga mimina maji kidogo ukwangue chini na mwiko wa mbao mpaka sufuria iwe safi, vinginevyo inalia pii pii pii inakataa kupanda kwasababu imeona kunaungua. Ugali sahau. Ndizi za Bukoba na nyama, nyama kwanza ikiiva fungua tia ndizi, dakika 5, hapo utanikumbuka kwa wema.

Umeme ukikatika katikati, tulia. Usifungue. Joto lililofungiwa linaendelea kupika kwa muda mrefu, mara nyingi ukikuta maharage yalishapita nusu yanamalizikia humohumo. Na plagi, chomeka ukutani moja kwa moja. Zile ekstensheni za bei chee za mtaani, nyaya zake nyembamba, ukichanganya presha kuka na pasi na birika la umeme kwenye moja inayeyuka. Yangu ilikuja na pini tatu za kawaida yetu, lakini nyingine zinakuja na pini mbili na kale kaadapta kanakolegea, ukishika ukasikia kamoto mwite fundi akate aweke plagi ya maana, ni kazi ndogo tu.

Narudi kwenye ile nyota niliyoikata. Hakuna muuzaji hata mmoja kati ya niliowapitia aliyenifungulia mfuniko akanionyesha kipini, kipuli, mpira na kile kikombe cha nyuma. Wanakuonyesha taa zinavyowaka na rangi ya jiko. Kitabu ndani kina Kiingereza na Kichina, vitufe vimeandikwa Kiingereza, na mnunuzi mwenyewe ni mama au binti anayeenda kulitumia leo jioni na watoto wamemzunguka. Karatasi moja tu ya Kiswahili ndani ya boksi ingetosha, yenye picha, mstari wa nusu, mstari wa theluthi mbili, usifunike hapa, osha hapa. Waagizaji mnaweza, hiyo karatasi haiwagharimu kitu, na sisi tunawapa laki moja na themanini. Wifi yangu asingekuwa na kunde kwenye silingi bodi, na mama mkwe wangu asingeweka taulo pale. Mpaka waifanye, mi ukija kwangu na boksi jipya nitakufundisha mwenyewe, na nimeshafanya hivyo kwa majirani.

Ukienda kununua, sema lita 6 kama mko watu wanne mpaka sita. Fungua boksi palepale dukani, toa sufuria uangalie chini isiwe imebonyea maana ikibonyea haigusani vizuri na sahani ya moto, zungusha mfuniko ufunge na kufungua, omba wakujazie maji vikombe viwili wawashe mpaka uone kipini kimepanda. Na mpira wa akiba nunua hapohapo, uvalishe kwenye mfuniko wako kabla hujaondoka, maana kwa macho yote inafanana ila saizi hazifanani, na ukifika nyumbani Mbagala ndo ugundue hauingii, nauli ya kurudi Kariakoo ni yako.